Unga Kichwani, Shuka kwa Pazia: Hamu ya Jukwaa la Ridhaa

Hamu ya siku za kwanza za uigizaji wa ridhaa, kwa Waafrika Mashariki wengi, huanzia mahali pamoja: bwalo la chakula la shule ya bweni, usiku wa kufunga muhula. Meza za kulia zimeunganishwa upande mmoja ziwe jukwaa. Shuka mbili za bweni zimeshonwa pamoja na kupitishwa kwenye kamba, nazo ndizo pazia. Karabai inanguruma kwenye ndoano. Nyuma ya shuka kijana wa kidato cha tatu anamwagiwa unga kichwani ili awe mzee, anachorwa masharubu kwa mkaa, na anaonywa asicheke. Miaka hamsini baadaye mtu huyo huyo, ambaye sasa mvi zake si za unga, huenda amelisahau hata jina la mwalimu wake wa hesabu, ila neno alilolisema pale juu ya meza bado analo, na namna alivyolisema.

Neno ridhaa linajulikana zaidi viwanjani: ndondi za ridhaa, timu ya ridhaa. Jukwaani maana haibadiliki. Mchezaji hapokei mshahara, hana mkataba, na kesho yake anarudi darasani, ofisini au shambani kana kwamba jana hakuwa mfalme. Wengi wao walipanda jukwaani mwaka mmoja au miwili tu, kisha maisha yakawachukua kwingine. Ndiyo maana hamu yao ina ladha ya peke yake. Mwigizaji wa kulipwa anapokumbuka ujana wake hukumbuka kazi, pamoja na madeni ya kazi. Wa ridhaa hukumbuka kitu alichokifanya bila kulazimishwa na mtu, na ambacho hakupata kukirudia.

Jukwaa la namna hii lina historia inayofuatika vizuri. Ngoma, utani, hadithi za kusimuliwa jioni na mafunzo ya jando na unyago, yote yenye uigizaji ndani yake, yalikuwapo tangu zamani. Lakini mchezo wenye pazia, wenye maandishi, wenye watazamaji waliokaa mistari na kutazama upande mmoja, uliingia kwa mlango wa shule na misheni. Shule ya Alliance iliyoko Kikuyu, karibu na Nairobi, ilikuwa na desturi ya kucheza Shakespeare kila mwaka. Kati ya 1955 na 1958 wanafunzi wake walicheza As You Like It, Henry IV, King Lear na A Midsummer Night's Dream. Ngũgĩ wa Thiong'o alisoma hapo miaka hiyo hiyo, na baadaye alieleza maigizo hayo katika maandishi yake, kwa jicho la mtu aliyevutwa na jukwaa huku akilitilia shaka lile lililokuwa likifundishwa juu yake.

Kando ya Shakespeare, wanafunzi wa Alliance walikuwa na jambo lao. Waliandika na kucheza michezo ya Kiswahili: Nakupenda Lakini ya Henry Kuria, Maisha ni Nini ya Kimani Nyoike, Nimelogwa Nisiwe na Mpenzi ya Gerishon Ngugi, Atakiwa na Polisi ya B. M. Kurutu. Michezo ya Kuria na ya Kurutu ilichapishwa 1957, wa Gerishon Ngugi ukafuata 1961. Majina yenyewe yanatosha kuonyesha vijana wale walikuwa wakiwaza nini: mapenzi, ulozi, maisha, polisi. Mwisho wa mwaka michezo hiyo ilipelekwa Nakuru, ikachezwa katika ukumbi wa Menengai, katikati kabisa ya nchi ya walowezi, na hapo Kenya ilikuwa bado katika hali ya hatari iliyotangazwa 1952. Kwa watu waliozoea kuona Kiswahili kikitumiwa kutolea amri na kuitia boi, kukiona kimepanda jukwaani kinapenda, kinaogopa na kinachekesha halikuwa jambo dogo.

Mwingereza Graham Hyslop, ofisa wa serikali ya koloni aliyesimamia muziki na maigizo, naye aliandika kwa Kiswahili; Afadhali Mchawi na Mgeni Karibu zilitoka 1957. Huyu ndiye aliyekuja kuongoza jopo la watu watano lililotayarisha wimbo wa taifa wa Kenya kabla ya uhuru wa 1963, kwa sauti iliyotokana na wimbo wa kubembelezea mtoto wa Wapokomo. Mashindano ya maigizo ya shule yakapata sura ya tamasha la kila mwaka kuanzia 1959. Miaka ya mwanzo Kiingereza ndicho kilichotawala, na michezo mingi ilikuwa ya Ulaya. Baada ya uhuru Kiswahili na maisha ya wenyeji vikajipenyeza, hatua kwa hatua, hadi vikawa ndivyo vinavyojaza kumbi.

Tanganyika njia ilikuwa nyingine kidogo. Huko vichekesho vilikuwa na nguvu kuliko tamthilia za kuandikwa. Kichekesho hakina kitabu: wachezaji wanakubaliana kisa kwa dakika chache, nani mshamba aliyeingia mjini, nani mlevi, nani mzee tajiri mwenye mke kijana, kisha wanapanda na kila mmoja anajaza maneno yake papo kwa papo. Waliosikiliza Pwagu na Pwaguzi katika Redio Tanzania Dar es Salaam wanaijua ladha hiyo, kwani redio iliuchukua mtindo na kuupeleka kila kijiji chenye betri. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 ikaja ngonjera, iliyohusishwa zaidi na Mathias Mnyampala. Vitabu vyake vya Ngonjera za UKUTA vilitoka 1970 na 1971, yeye mwenyewe akiwa ameshafariki 1969. Kwa Watanzania wengi wa rika fulani, jukwaa la kwanza maishani lilikuwa ngonjera ya siku ya wazazi: watoto wawili uwanjani, mmoja mjinga wa kupangiwa na mwingine mwerevu wa kupangiwa, wanajibizana kwa mizani na vina mpaka mjinga anakubali kwamba ujamaa ni mzuri. Sehemu ya mjinga ndiyo iliyogombaniwa. Yule mwerevu hakuchekesha mtu.

Kwenye sekondari na vyuo vya ualimu kulikuwa na tafsiri za Julius Nyerere, Juliasi Kaizari, iliyotoka kwanza 1963, na Mabepari wa Venisi ya 1969, na za S. S. Mushi, Makbeth na Tufani. Halafu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikaanza kutoa waandishi wake. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, inayotokana na vita vya Maji Maji, ilichapishwa 1969; Hatia ya Penina Muhando ikafuata 1972. Tamthilia hizi zilifaa shule kwa sababu rahisi ambayo wahakiki huwa hawaitaji: zilihitaji watu wengi na vitu vichache. Darasa zima liliweza kuwa kijiji.

Uganda ilikuwa na hadithi yake. Novemba 1962, katika shangwe za uhuru, wanafunzi wa Makerere walicheza The Black Hermit ya Ngũgĩ, aliyekuwa mwanafunzi mwenzao, katika Ukumbi wa Taifa mjini Kampala. Mwaka 1965 David Cook, mwalimu wa fasihi hapo Makerere, akaanzisha pamoja na wanafunzi kundi la kusafiri lililozunguka Uganda na Kenya na kuonyesha bila kiingilio, kwa Kiingereza na kwa lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwamo. Chuo Kikuu cha Nairobi kikaja na kundi lake la namna hiyo katika miaka ya 1970.

Hiyo ndiyo historia ya vitabuni. Hamu ya wachezaji wenyewe haikai kwenye majina ya tamthilia, inakaa kwenye vitu. Ukiwakutanisha watu wawili waliocheza pamoja, hawachukui dakika kumi kabla hawajafika kwenye taji. Taji la mfalme lilikatwa kwenye boksi la sabuni na kufunikwa kwa karatasi ya fedha ya pakiti za sigara, zilizokusanywa kwa walimu wavutaji muhula mzima. Damu ilikuwa wino mwekundu au choya iliyochemshwa ikakolea. Radi ilikuwa bati lililotikiswa na kijana aliyefichwa nyuma, kijana ambaye kwa kawaida alikuwa amekosa sehemu ya kusema. Maleba yaliazimwa: kanzu ya baba, koti la mwalimu mkuu msaidizi, kanga ya mke wa mpishi, kofia ya mlinzi. Kila kilichoazimwa kilikuwa na mwenyewe ameketi pale mbele, jicho likiwa juu ya kanzu yake kuliko juu ya mchezo.

Maneno nayo yalipatikana kwa jasho. Nakala ya kitabu ilikuwa moja, au mbili kwa shule yenye bahati. Kila mchezaji alinakili kwa mkono sehemu yake kwenye daftari, pamoja na maneno ya mwisho ya anayemtangulia, ili ajue aingie lini. Hivyo wengine walifika usiku wa onyesho wakiwa hawaujui mchezo mzima unahusu nini. Wao walijua tu kwamba mtu akisema “basi na aje mwenyewe”, ni zamu yao. Mazoezi yalifanyika baada ya vipindi, au usiku baada ya prepo, kwa ruhusa iliyoombwa upya kila wiki. Ruhusa hiyo ilikuwa nusu ya utamu. Mwanafunzi aliyekuwa nje ya bweni saa nne usiku, taa zimezimwa, naye yuko kihalali kabisa akijifunza kufa, alijiona mtu mkubwa.

Chakula cha jukwaani kinastahili aya yake. Mchezo ukiwa na tukio la kula, wali wa kweli ulipikwa, na shule ya bweni haikuwa na mgawo wa wali wa kuchezea. Sehemu ya mgeni wa karamuni, hata ikiwa haina neno hata moja, iligombaniwa kuliko ya mfalme. Tatizo lilikuja pale ambapo wageni walimaliza sahani kabla ya mazungumzo yaliyotakiwa kufanyika wakati wa kula, mwenyeji akabaki anawakaribisha kwenye sinia tupu, na bwalo zima, lililokuwa limekula ugali na maharage, likaanza kudai haki.

Hadhira hii haikukaa kimya, na wala haikutegemewa ikae kimya. Mwizi akijificha, waliokuwa mbele walimwonyesha polisi alipo. Mwongo aliitwa mwongo usoni kwake. Kwenye kumbi za mitaa, Dar es Salaam hasa, desturi ya kutunza iliyozoeleka kwenye ngoma na taarabu ilipanda pia katika maigizo: mama angeweza kuinuka, akapanda jukwaani, akambandika mchezaji noti kwenye paji la uso wakati analia msiba wa mumewe, na mchezaji akaendelea kulia. Mwongozaji aliyesomea kazi yake Ulaya angeona mchezo umevunjwa. Kwa hadhira ile hapo ndipo mchezo ulipothibitishwa kuwa mzuri.

Kuna kisa kinachosimuliwa kwa sura mbalimbali karibu kila shule, na pengine kilitokea kweli katika baadhi yao. Mhusika anapaswa kupigwa risasi. Mlio utatolewa na kijana wa bati nyuma ya pazia. Bunduki ya mbao inaelekezwa, kimya. Inaelekezwa tena, kimya. Anayetakiwa kufa anatazama pembeni, anashika kifua, anasema “moyo wangu!” na kuanguka. Hapo ndipo bati linapolia. Visa vya namna hii husimuliwa kuliko vya ushindi, na si kwa sababu ya kucheka peke yake. Mchezo uliokwenda sawa ni mali ya mwandishi. Ulioharibika ukaokolewa ni mali ya waliokuwapo. Aliyekufa kwa moyo siku ile aliandika mstari wake mwenyewe, na hakuna kitabu kinachoweza kumnyang'anya.

Kwa nini kumbukumbu hizi hazififii kama nyingine? Jina la kitaalamu la maradhi ya kukumbuka, nostalgia, lilibuniwa na Johannes Hofer, mwanafunzi wa udaktari huko Basel, Uswisi, mwaka 1688. Aliunganisha maneno mawili ya Kigiriki, kurudi nyumbani na maumivu, akieleza hali ya vijana wa Kiswisi waliodhoofika wakiwa mbali na kwao. Kwa muda mrefu ilihesabiwa kuwa ugonjwa. Siku hizi wanasaikolojia, hasa Constantine Sedikides na Tim Wildschut wa Chuo Kikuu cha Southampton nchini Uingereza, wanaitazama kwa namna nyingine kabisa: wamegundua kwamba kukumbuka ya zamani kwa hamu mara nyingi humpa mtu hisia ya kuwa na wenzake na ya kuwa maisha yake yana maana, na kwamba upweke ni miongoni mwa mambo yanayoiamsha. Kiswahili hakina neno moja la hali hiyo. Kina hamu, kina shauku, kina ukiwa, na mtu huchagua kulingana na kinachomuuma.

Watafiti wa kumbukumbu wameonyesha pia kwamba watu waliovuka makamo, wakiulizwa wakumbuke chochote cha maisha yao, hutaja kwa wingi mambo ya kati ya umri wa miaka 10 na 30 hivi. Ndio umri wa mambo ya mara ya kwanza. Uigizaji wa shuleni unaangukia hapo hapo katikati, na unakuja na hofu. Moyo unaodunda nyuma ya shuka, koo lililokauka, ukelele wa watu mia tatu usiowaona: mwili ukiwa katika hali hiyo huandika kwa wino mzito.

Lipo na jambo la mwili wenyewe. Nchini Marekani Helga Noice, mwanasaikolojia, na mumewe Tony Noice, mwigizaji, walichunguza kwa miaka mingi jinsi waigizaji wanavyohifadhi maneno. Waliona kwamba maneno yanayosemwa pamoja na kitendo, mtu akitembea, akiinama, akinyanyua kikombe, hukaa kichwani kuliko yanayosemwa mtu akiwa amesimama tu, na kwamba mwigizaji hukariri kwa kutafuta mhusika anataka nini. Anayemsikiliza mzee akijaribu kukumbuka sehemu yake ya ujanani anaweza kuliona hilo bila maabara. Akiwa amekaa hapati kitu. Akisimama, akageuka kana kwamba kuna mtu mlangoni, maneno yanatoka yenyewe.

Majina nayo hubaki. Aliyecheza Shailoki wa Mabepari wa Venisi ataitwa Shailoki na wenzake hadi uzeeni, na siku akifanya biashara ya kukopesha ndiyo atakoma. Wapo waliozeeka na majina ya utani ambayo wake zao na watoto wao hawajui yalitoka wapi. Kwenye msiba wa mmoja wao, wanaume wanne wenye fimbo wanaweza kuonekana pembeni ya turubai wakinong'onezana mistari ya karne iliyopita na kujizuia kucheka, na waombolezaji wengine wakawaona hawana adabu.

Wahenga wanasema ya kale hayanuki. Kwa jukwaa la ridhaa usemi huo unahitaji kuangaliwa, kwani yapo yaliyonuka. La kwanza ni la wasichana. Katika shule za wavulana watupu, mke, mama na bibi mara nyingi walichezwa na wavulana wembamba wenye sauti ambayo haijavunjika, na baadhi yao walilipa kwa kutaniwa mwaka mzima. Lakini hata penye wasichana, wengi walikatazwa na wazazi. Jukwaa lilihesabiwa uhuni, mazoezi ya usiku yakahesabiwa zaidi ya uhuni. Mwanamke wa leo mwenye miaka 70 anaweza kuwa na hamu ya kitu ambacho hakuwahi kukifanya: sehemu aliyoijua yote kwa kuisikiliza dirishani, ikachezwa na kaka wa mtu akiwa na sidiria iliyojazwa soksi.

La pili ni mgawanyo wa sehemu. Pale mchezo ulipokuwa wa Kiingereza, sehemu kubwa zilikwenda kwa wenye matamshi yaliyompendeza mwalimu. Waliobaki walikuwa askari. Kuna watu waliopita shule nzima wakiwa askari wa pili, wakasimama na mkuki wa mbao saa mbili bila kusema neno, na wao pia wanazo kumbukumbu, ila ni za miguu. Na huko Kenya, kwenye tamasha la shule, walikuwapo majaji. Kundi liliweza kujiandaa miezi mitatu, likashinda wilayani, likaanguka mkoani kwa alama chache, na manung'uniko ya uamuzi ule yakadumu kuliko urafiki wa wachezaji.

La tatu ni serikali. Mfano uliokwenda mbali kuliko yote ni wa Kamĩrĩĩthũ, kijiji cha Limuru, Kenya. Huko jukwaa la ridhaa halikuwa la wanafunzi. Lilikuwa la wafanyakazi wa kiwanda, wakulima wadogo, vibarua wa mashamba ya chai, wasio na kazi, vijana kwa wazee. Kituo chao cha elimu ya watu wazima kiliwaomba Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waandike mchezo kwa Kikuyu, na rasimu ilipoletwa, wanakijiji wakaisahihisha: mzee haongei hivi, kibarua hawezi kusema maneno haya. Mchezo ukawa Ngaahika Ndeenda. Mazoezi yalifanyika hadharani, mpita njia akisimama na kutoa maoni. Jukwaa la wazi lilipangwa kwanza kwa njiti za kiberiti zilizochomekwa ardhini, kisha likajengwa na wachezaji wenyewe, likawa na nafasi ya watu zaidi ya 2,000. Kati ya waliotengeneza bunduki za bandia za mchezo walikuwamo watu waliowahi kutengeneza za kweli wakati wa Mau Mau. Hapo neno ridhaa lilikuwa na uzito wote linaoweza kubeba.

Onyesho la kwanza lilikuwa tarehe 2 Oktoba 1977. Wiki sita baadaye, tarehe 16 Novemba, kibali kiliondolewa. Mwisho wa Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa, akawekwa kizuizini karibu mwaka mzima bila kushtakiwa. Mwaka 1982 kundi lilijaribu tena, kwa mchezo wa Maitũ Njugĩra, likanyimwa ukumbi. Na tarehe 12 Machi mwaka huo jukwaa lenyewe lilibomolewa hadi chini. Ngũgĩ wa Mĩriĩ alifariki Zimbabwe 2008, Ngũgĩ wa Thiong'o akafariki Marekani Mei 2025, wote ugenini. Hamu ya mchezaji wa Kamĩrĩĩthũ kwa hiyo si kama ya yule wa bwalo la shule. Bwalo bado lipo, mtu anaweza kulitembelea siku ya wazazi na kushangaa lilivyo dogo. Jukwaa la Limuru haliwezi kutembelewa.

Hali hiyo ya serikali kuingilia jukwaa haijaisha. Aprili 2025 wasichana wa shule ya Butere, Kenya, waliofika tamasha la kitaifa Nakuru na mchezo wa Echoes of War baada ya mahakama kuamuru waruhusiwe, waliimba wimbo wa taifa na kuondoka jukwaani bila kucheza, huku polisi wakirusha mabomu ya machozi nje. Mwandishi wa mchezo, Cleophas Malala, alikuwa amezuiliwa. Shule hiyo hiyo ilikuwa imepigwa marufuku kucheza mchezo mwingine wa Malala, Shackles of Doom, mwaka 2013, hadi Mahakama Kuu ilipoingilia. Wasichana wale watakuwa bibi siku moja. Kumbukumbu yao ya jukwaa itakuwa ya mchezo usiochezwa, na ya wimbo uliotayarishwa na jopo la yule yule ofisa wa maigizo wa koloni.

Tofauti moja kubwa kati ya rika hilo na la karabai ni kwamba simu zilikuwapo. Mchezo wa shule wa leo unanaswa na kamera ishirini kabla pazia halijafungwa. Wa zamani haukuacha picha, au uliacha moja, ya kundi zima limesimama nje mchana na maleba, nyuso zimekunjwa kwa jua, unga ukionekana wazi kwamba ni unga. Sauti haikubaki kabisa. Huko ndiko hamu inakopata nafasi ya kupamba: onyesho lisilo na ushahidi huwa zuri zaidi kila linaposimuliwa, na waliocheza wanajua hivyo na wanaendelea kusimulia.

Kinachobaki kwa maandishi kiko kwenye vitabu vyenyewe. Nakala kuukuu za tamthilia katika makabati ya shule, zile zenye jalada lililofungwa kwa karatasi ya kaki, mara nyingi zina alama za penseli: mstari chini ya sehemu ya mtu, “sauti!” pembeni, “ingia kushoto”, “subiri bati”. Kwenye ukurasa wa wahusika, mbele ya kila jina la mchezo, kuna jina la mwanafunzi. Penginepo jina limefutwa na jingine kuandikwa juu yake kwa haraka, kwa sababu mwenye sehemu alirudishwa nyumbani kufuata karo wiki ya mwisho, akarudi onyesho likiwa limepita.